Seli T saidizi: IL-12 inapobisha hodi pasipo mlango

SWALI: Maabara tunaotesha seli T saidizi za binadamu, yaani seli za kinga zinazoelekeza nyingine. Tuliziwekea interlukini-12 (IL-12), protini ya kupeana ishara kati ya seli, ili ziwe Th1, zile zinazosaidia kupambana na kifua kikuu. Siku ya 7 baadhi zilikuwa zinatoa interlukini-4 (IL-4), kama Th2, aina nyingine ya seli saidizi. Tumekosea wapi? – Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Chunguzeni kwanza seli mlizoanza nazo. Seli changa, ambazo hazijakutana na antijeni (kitu ambacho kinga hukitambua), zina alama ya CD45RA juu yake. Zenye CD45RO ni za kumbukumbu, na nyingi zilishaamua zamani zitatoa nini. Zikipenya hata chache, huamka upesi kuliko changa, na huenda IL-4 mliyoipima ni yao. Ondoeni zote za kumbukumbu kabla ya kuotesha.

Kama mlikuwa na changa tupu, tazameni vipokezi, yaani milango ambayo seli hupokelea ishara. Kipokezi cha IL-12 kina vipande viwili, beta 1 na beta 2. Seli changa iliyotulia karibu haina beta 2. Huitengeneza baada ya kuamshwa kupitia kipokezi cha T, kinachotambua antijeni, na CD28, kipokezi kinachotoa ishara ya pili. Maabara kazi hiyo hufanywa na vishanga vyenye kingamwili dhidi ya CD3 (sehemu ya kipokezi cha T) na CD28, kwa kawaida kishanga 1 kwa kila seli. CD3 ikiguswa bila CD28, seli huzubaa. Vishanga vikiwa vichache mno, ishara huwa hafifu, na ishara hafifu huegemea upande wa Th2.

IL-12 ikipokelewa, protini STAT4 hubeba ishara hadi kwenye kiini, T-bet (protini inayowasha jeni za Th1) hupanda, nayo T-bet huongeza beta 2. Mlango unazidi kupanuka. IL-4 hupita njia nyingine, STAT6 kisha GATA3 (inayowasha jeni za Th2), na hukandamiza beta 2. Kwa hiyo IL-12 ya nanogramu 10 kwa mililita iende pamoja na kingamwili ya kuzuia IL-4, tangu siku ya kwanza. Kusubiri siku ya 3 ni kuchelewa.

Uzito wa kipokezi hiki huonekana wodini pia: mtoto aliyezaliwa na jeni mbovu ya beta 1 anaweza kuugua vibaya kutokana na chanjo ya BCG yenyewe, na salmonela humrudia mara kwa mara.

Mkirudia jaribio, pimeni CD69 na CD25, alama za seli iliyoamka, saa 24 baada ya kuweka vishanga. Zikionekana kwenye seli chache tu, tatizo liko kwenye uamshaji, si kwenye IL-12.