Ukienda Kakadu, anza na maji

Ukijaliwa kufika kaskazini mwa Australia, usiipe hifadhi ya Kakadu siku moja. Mimi mara ya kwanza nilitoka Darwin alfajiri, karibu kilomita 250 hadi mji wa Jabiru ulio ndani ya hifadhi, nikarudi usiku. Nilichokiona ni lami na vichuguu. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000, huimalizi kwa kukimbia. Mara ya pili nililala siku nne nikatulia sehemu mbili tu, na ndipo nilipoijua.

Ya kwanza ni Cahills Crossing, kivuko cha zege katika mto East Alligator. Bahari iko mbali, lakini maji yakijaa hupanda mto hadi yakafunika zege. Kwa hiyo angalia jedwali la kujaa na kupwa kabla hujaondoka, ufike mapema. Mamba hujipanga kuelekea yanakotoka maji, vinywa wazi, wakingoja mkizi. Samaki anaruka, taya zinafunga kwa kishindo kama mlango uliopigwa na upepo. Waswahili tunasema hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Pale mvuvi ni mamba.

Tazama ukiwa kwenye jukwaa. Nimeona mtu anavua samaki maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, moyo ukaniruka, maana watu wameshauawa hapo. Mamba hawa waliwindwa karibu waishe, hadi walipolindwa kisheria mwaka 1971. Leo Northern Territory pekee, eneo la Australia lenye hifadhi hii, ina zaidi ya 100,000. Maji yaliyotulia yasikudanganye.

Ya pili ni Yellow Water, bwawa lenye ndege wengi. Wageni huambiwa kuna kiangazi na masika basi, lakini wenyeji, Wabininj, wana majira sita. Mimi nilikwenda Septemba, wakati wa Gurrung, joto kali na nchi imekauka. Maji yamebaki madimbwini, na ndege wote wamekusanyika hapo: mabata bukini kwa maelfu, korongo, na kandege kenye vidole virefu kanakotembea juu ya majani ya yungiyungi, kila jani likididimia kidogo kabla hakajahamia jingine.

Usiendeshe gari usiku. Nyati walioletwa kutoka Asia karne ya 19 wamekuwa wa porini, na hukatiza barabara. Kwa Yellow Water, lala jirani upate mashua ya kwanza ya watalii asubuhi. Jua likishapanda, ndege wengi huingia kivulini.