Fani kuu mbili: mwaka wa kwanza uchague masomo gani?

SWALI: Assalaam aleikum. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na nimepata nafasi katika chuo kikuu Marekani, ninaondoka Agosti. Nataka sayansi ya kompyuta na uchumi, zote ziwe fani zangu kuu. Mama ananiambia nianze na moja, nyingine nitaiongeza nikishazoea. Usajili wa masomo unafunguliwa Juni. Nichague vipi nisije nikaikosa mojawapo?
— Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikumu salaam. Mama yako amesema kweli kwa upande mmoja: hulazimiki kutangaza fani mbili siku ya kwanza, na vyuo vingi vya kule humpa mwanafunzi hadi mwisho wa mwaka wa pili. Hata hivyo, masomo yenyewe yapange tangu muhula wa kwanza kana kwamba fani zote mbili umeshazichukua.

Tazama kwanza masomo yanayofuatana, ambayo huwezi kusoma la pili kabla ya kufaulu la kwanza. Kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) ya kwanza hutangulia ya pili. Utangulizi wa programu hutangulia miundo ya data, nayo hutangulia algorithimu (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) na karibu masomo yote ya juu ya kompyuta. Kila hatua hula muhula mzima, na baadhi ya masomo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukianza kompyuta mwaka wa pili, somo la mwisho linaweza kukusukuma hadi mwaka wa tano, ilhali ufadhili kwa kawaida hukatika baada ya mihula 8. Uchumi hauna msururu mrefu namna hiyo: masomo mawili ya utangulizi, kisha ya kati ambayo mara nyingi hudai kalkulasi. Kwa hiyo uchumi unaweza kusubiri kidogo. Hisabati na programu haziwezi.

Muhula wa kwanza ungekaa hivi, kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wa somo: kalkulasi ya kwanza (krediti 4), utangulizi wa programu (4), uchumi wa kaya na kampuni (3), uandishi wa kitaaluma (3). Jumla 14. Muhula wa pili: kalkulasi ya pili, programu ya pili, uchumi wa taifa, na somo moja la elimu ya jumla (masomo ya lazima nje ya fani yako) lenye kusoma na kuandika. Usiongeze fizikia, na usijaze krediti 18 kwa kuwa fani ni mbili. Kazi za programu hula usiku mzima kwa kosa la mstari mmoja, na alama za mwaka wa kwanza ndizo idara ya kompyuta huzitazama inapoamua nani aingie.

Sasa jambo linalowaponza wengi. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, sheria inakutaka usome angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida. Ukiwa na 14, ukaacha kalkulasi, umebaki na 10, na hapo hadhi yako ya uanafunzi inaingia hatarini. Wiki ya kwanza au ya pili bado unaweza kubadilisha somo kwa jingine. Dirisha hilo likifungwa, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kabla hujabonyeza kitufe cha kuacha somo. Ofisi hiyo ina uwezo wa kukuruhusu upunguze mzigo kwa sababu za kimasomo, kama kupangiwa somo lisilo kiwango chako, lakini ruhusa lazima itangulie. Uliza pia kama kuna masomo mafupi yanayoanza katikati ya muhula, yakuzibie pengo.

Kuhusu mtihani wa kupangiwa kiwango cha hisabati, usiufanye kwa simu ukiwa safarini. Hisabati ya KCSE, mtihani wako wa kidato cha nne, inaigusa kalkulasi juu juu: mteremko wa mkunjo na eneo lililo chini yake, kwa fomula za vipeo vya x tu. Tena utakuwa umekaa miezi bila kushika kalamu. Ukiteleza, utaanzishwa somo la chini ya kalkulasi na muhula mmoja umekwenda. Rudia trigonometria, logi na sehemu za aljebra kwa wiki tatu au nne, ndipo uufanye.

Kisha piga hesabu. Tuseme shahada ni krediti 120, kompyuta inadai 52, uchumi 36, elimu ya jumla 40. Hiyo ni 128. Masomo yanayohesabiwa pande mbili (kalkulasi 8, takwimu 3, na 6 zinazotimiza elimu ya jumla) yanaishusha hadi 111, na unapata nafasi ya kupumua. Lakini chuo kikikubali 6 tu za kuhesabiwa mara mbili, umefika 122. Mwombe mshauri wa masomo kanuni hiyo kwa maandishi. Muulize pia kama fani zako ziko kitivo kimoja, maana zikiwa vitivo viwili huenda ukatakiwa kuchukua shahada mbili, na krediti zake mara nyingi hufikia 150. Na ikiwa kompyuta ina ushindani, ingia nayo mwanzo. Kuuongeza uchumi baadaye ni rahisi kuliko kinyume chake.

Siku ya usajili, saa mbili asubuhi ya New York mwezi Juni ni saa tisa alasiri Mombasa. Ya Chicago ni saa kumi. Kuwa na mikondo miwili ya akiba kwa kila somo, yaani vikundi vingine vya somo hilohilo vyenye saa tofauti.

SWALI: Kijana wangu ameitwa kusomea ualimu wa shule za upili hapa Kenya. Anataka Kiswahili na Jiografia, lakini Jiografia alipata C. Wenzake wanasema chuo kikishamkubali, yamekwisha. Ni kweli?
— Mama, Likoni

JIBU: Hayajaisha, mama. Kukubaliwa na chuo ni jambo moja, kusajiliwa na TSC, tume inayosajili walimu, ni jingine. TSC hudai wastani wa C+ katika KCSE, C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha, na yuniti (kozi moja moja za chuo) zisizopungua 8 za kila somo chuoni. Kwa C hiyo atahitimu, kisha akwame kwenye usajili.

Achukue cheti chake, aweke alama kwenye kila somo lenye C+ kwenda juu, atafute la kuandamana na Kiswahili humo. Kabla ya kujaza fomu aangalie ratiba za idara zote mbili, kwani mchanganyiko usio wa kawaida hugonganisha vipindi mwaka mzima. Abadilishe katika wiki za mwanzo. Na kila mwaka azihesabu yuniti za masomo yake mawili. Saikolojia ya elimu haimo katika zile 8.