Muulize Fundi: Lebo inayofifia, printa isiyoonekana, na saa nane ya kompyuta

Barua nne za mwezi huu zote zinahusu kitu kimoja: zile printa ndogo za lebo zisizo na waya, unazoziamrisha kwa simu au kompyuta. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana kosa aliloniandikia mama huyu mimi nimelifanya kabla yake.

*Assalaam aleikum, Fundi. Mimi hutengeneza achari ya embe na ya ndimu hapa Langoni, nauza mahoteli ya Shela na nyingine natuma Mombasa kwa basi la Mokowe. Mwanangu alininunulia printa ya Bluetooth. Siku ya kwanza lebo zilitoka nyeusi tititi, nikafurahi. Sasa kila chupa zikikaa siku nne darini kuiva, lebo zinageuka rangi ya chai na maandishi hayasomeki. Nadhani wino umekwisha, lakini nimeigeuza juu chini sijaona mahali pa kutia wino. Halafu kuna siku simu yangu haiioni kabisa, na iko mbele yangu mezani. Niirudishe dukani? — Mama wa Achari, Lamu*

Wa aleikum salaam, mama. Usiirudishe. Na wino usiutafute, haumo.

Chukua lebo moja tupu, iweke mezani, uikwaruze kwa ukucha mara moja, haraka. Utaona mstari mweusi umetokea. Huo ni moto wa ukucha wako tu. Dawa ya rangi imo kwenye karatasi yenyewe, na kazi ya printa ni kuipasha moto: ndani mna kichwa chenye vitone vidogo mno vinavyowaka na kupoa, na kila palipoguswa panakuwa peusi. Ndiyo karatasi ile ile ya risiti za supamaketi, ambazo ukizitafuta mwaka ukiisha unakuta zimebaki nyeupe.

Sasa isome tena barua yako: "siku nne darini kuiva." Mama, umeichukua karatasi inayoandikwa kwa moto ukaianika kwenye jua la Amu! Lebo zako hazina kosa. Jua na joto vinaendelea kuiandika karatasi nzima, na mwanga unakula maandishi yaliyokuwapo. Mafuta ya achari nayo yakichuruzika shingoni mwa chupa yanamalizia kazi, kwa sababu mafuta huifuta dawa hiyo.

Usione haya. Mimi nilibandika lebo kwenye droo arubaini za vioo vya simu dukani kwangu. Duka langu linatazama bahari, jua la asubuhi likitoka upande wa Manda linaingia mpaka kaunta. Safu ya mbele ikawa kijivu. Nikajiona mjanja, nikachapisha nyingine na kuzifunika kwa selotepu. Hizo zilifutika upesi kuliko za kwanza, kwa kuwa kuna selotepu ambazo gundi yake inaila dawa ya karatasi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiombwa kioo nafungua droo ya betri, wateja wakidhani nimezeeka.

Fanya hivi. Chupa zikiwa darini, zipambanue kwa kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, na uandike kwa kalamu: "ndimu", "embe", na tarehe uliyozipandisha juu. Lebo ya printa iwe kazi ya mwisho, asubuhi ya siku ya kuzipakia, kabla hujagusa achari. Ipanguse chupa kwa spiriti, ngoja ikauke kabisa (spiriti nayo huigeuza karatasi hii nyeusi), kisha bandika kwenye ubavu ulionyooka, ukikandamiza kutoka katikati kwenda nje. Begani mwa chupa palipopinda usibandike, hata kama panapendeza. Pembe zitanyanyuka kabla basi halijafika Minjila.

Roli utakayonunua tena uliza ya plastiki yenye ngozi ya kinga juu. Ni karatasi ya moto vilevile, lakini inastahimili maji na mafuta zaidi. Jua bado ni adui yake. Ukitaka lebo ya kukaa kaunta ya hoteli mwaka mzima, hapo unahitaji printa ya aina nyingine, inayotumia utepe: moto unayeyusha rangi ya utepe na kuigandisha juu ya lebo. Utepe wa nta ni rahisi na unafaa karatasi. Utepe wa risini, juu ya lebo ya plastiki, ndio unaovumilia kusuguliwa na kumwagikiwa. Kwa chupa zinazoliwa mwezi mmoja hayo ni gharama ya bure. Na kabla hujalipia roli yoyote hakikisha printa yako inaikubali, kwani kuna watengenezaji wanaotia kijidude ndani ya roli ili mashine ikatae roli za mwingine. Bei ya printa humvutia mtu. Pesa zinakwendea roli.

Roli zenyewe zitie kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko, ndani, mbali na jiko. Hewa yetu ya chumvi na unyevu unaijua.

Ama kutoonekana. Nina swali: mwanao aliyekununulia printa, naye ana programu ya printa hiyo kwenye simu yake? Printa nyingi za Bluetooth hushikana na simu moja kwa wakati. Yeye akiiwasha akaisahau, wewe hutaiona hata ukiikalia. Azime Bluetooth yake, uzime na kuiwasha printa, ujaribu. Pili, usiitafute kwenye mipangilio ya simu. Ifungue programu ya printa, uiunganishe humo humo. Programu itakuomba ruhusa. Kwa Android za zamani, mpaka ya 11, itaomba kujua mahali ulipo. Kuanzia 12 itaomba ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Wengi huona ni upelelezi wakakataa, kisha wakailaumu printa. Bila ruhusa hiyo programu haiwezi hata kuangalia nani yuko karibu. Tatu, usiiache printa chumba cha ndani nawe ukakaa ukumbini. Bluetooth hizi husemwa zinafika mita kumi, lakini aliyesema hivyo hajawahi kuishi nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake unene wa mkono.

La mwisho kwako. Hoteli na maduka makubwa watakuuliza kilichomo, uzito, jina na mahali pa mtengenezaji, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho, na namba ya mkupuo, yaani ya chupa zilizotengenezwa pamoja. Programu inaweza kujaza tarehe na namba yenyewe, kwa hiyo tengeneza mfano mmoja uuhifadhi. Mistari ya msimbopau usiibuni. Printa itakuchapia namba yoyote utakayoitia, lakini namba halali za bidhaa hutolewa na GS1 Kenya na huanza na 616. Ukizusha yako, siku moja mashine ya duka itasoma achari na kutoza bei ya sabuni.

*Fundi, tuna duka la dawa hapa Malindi, Barabara ya Lamu. Printa yetu ya lebo ni ya waifai. Tangu kampuni ya intaneti itubadilishie ruta, kompyuta haiioni, na tumerudi kuandika kwa mkono. Tusaidie. — Mhudumu wa Dawa*

Printa yenu bado inalitafuta jina la ruta ya zamani. Njia ya mkato: ipeni ruta mpya jina na neno la siri lile lile la zamani, herufi kwa herufi. Printa itaingia bila kujua kuwa mwenyeji amebadilika. Ikikataa, angalieni mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawili, la gigahezi 2.4 na la 5, na printa nyingi ndogo husikia la 2.4 tu. Litenganisheni, lipewe jina lake. Na msiiweke kwenye mtandao wa wageni, kwani mtandao huo kwa kawaida huvizuia vifaa visionane. Ikishaingia, mwambieni fundi wa mtandao aiwekee anwani ya kudumu ndani ya ruta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa anwani nyingine na kompyuta iendelee kubisha mlango wa zamani.

Hilo ni jepesi. Lililonikalisha ni hilo la kuandika dawa, na nitasema ingawa hamkuniuliza.

Shangazi yangu aliwahi kuletewa dawa yenye lebo nzuri, safi, imechapwa: "8:00 PM". Akaimeza saa nane mchana, baada ya wali. Atafanyaje? Saa yake inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na hiyo ndiyo saa ya Kiswahili. Kibaya zaidi ni "kila saa 8". Daktari anakusudia mara tatu kwa siku. Bibi anasoma mara moja, saa nane. Mwandiko wa mkono ulikuwa na faida moja, kwamba mhudumu aliandika huku akieleza kwa mdomo. Lebo inatoka kimya. Basi katika mfano wenu wa lebo ondoeni saa za kompyuta, na "1×3" pia, muandike kwa maneno: "Kidonge kimoja saa mbili asubuhi, kimoja saa kumi jioni, kimoja saa nne usiku." Nimezihesabu, ya asubuhi na ya jioni zinapishana saa nane, ya jioni na ya usiku saa sita; kutoka hapo hadi asubuhi ni saa kumi, na kama daktari anataka nane kamili aseme yeye.

Jina la ugonjwa msilichape. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu mambo ya afya ya mtu kuwa ya kulindwa zaidi, na hata isingekuwapo sheria, Malindi ni mji ambao mfuko wa dawa unasomwa na watatu kabla haujafika nyumbani. Karatasi ya moto kwenu inafaa, dawa ya siku tano haingoji lebo ififie. Ila chupa ya kutakasia mikono iwekeni mbali nazo.

*Ustadhi nauliza: nataka lebo za majina ya wanafunzi kwenye juzuu zao, kwa herufi za Kiarabu. Nikiandika kwenye programu ya printa herufi zinatoka moja moja na zinaanzia kushoto. — Mwalimu wa Madrasa, Lamu*

Ustadhi, simu yako inajua kuandika, programu ya printa ndiyo haijasoma chuoni. Herufi zetu hubadilika umbo kufuata jirani: mim ya mwanzo si mim ya kati, na ain ina sura nne. Programu hiyo inazitoa kila moja na sura yake ya upweke, na kuzipanga kwa mwendo wa Kizungu. Usihangaike nayo. Andika jina kwenye programu ya maandishi ya kawaida, ukubwa wa kutosha, karatasi nyeupe, piga picha ya skrini, ikate, kisha ndani ya programu ya printa chagua kuweka picha badala ya maandishi. Picha haina habari ya kushoto wala kulia.

Angalia ukubwa. Printa nyingi za aina hii huweka vitone 203 kwa inchi, yaani vinane kwa milimita. Fataha, kile kistari cha irabu juu ya herufi, ukiiandika na urefu wa nusu milimita umeipa vitone vinne vya kujieleza, na kasra, mwenzake wa chini, itafanana na uchafu. Kwa majina yenye irabu juu na chini, au ukiandika Kiswahili na nukta tatu za "p" na "ch", toa lebo pana, jina moja kwa mstari, herufi isipungue milimita sita. Mashine za vitone 300 kwa inchi zipo, zinatoa kumi na viwili kwa milimita, lakini sidhani madrasa yako inahitaji kuingia deni kwa ajili ya kasra. Nilimjaribishia jirani yangu jina la Muhammad kwa mtindo huu, shadda (alama ya kukaza herufi) ya mim ya pili ikatoka na meno yake matatu.

Karatasi ya vitabu isiyo juani hudumu. Bandika ndani ya jalada, si nje.

*Fundi, nyumba yetu ya wageni Shela ina vyumba kumi na viwili na funguo zinachanganyika. Ninunue printa gani? — Msimamizi*

Usinunue. Ufunguo unashikwa na mkono wenye jasho na mafuta ya kujipaka, unatiwa mfukoni na mchanga, unaogelea na mgeni. Lebo ya karatasi haitamaliza wiki. Panda mjini kwa mmoja wa wachonga milango, umwombe vipande kumi na viwili vya mabaki ya mbao, akutobolee na kukuchongea namba. Jina la nyumba asiliweke, anayeuokota ufunguo ufukweni asijue mlango wa kuujaribia.