Paka Alizalia Ndani ya Subaru Yangu

Kuna mdogo wangu mmoja, kila baada ya siku chache lazima anitumie picha ya gari na swali lile lile: "Bro, nauza Toyota IST yangu, naongezea hela nachukua hii. Unaonaje?" Leo Altezza ya njano, kesho Mark X iliyoshushwa mpaka inakwangua matuta, keshokutwa Subaru Impreza yenye tundu la hewa kwenye boneti. Nami humjibu kwa swali: shokapu zake pale Gerezani, kwenye maduka ya spea, wanauzaje? Hapo anakaa kimya. Simlaumu, maana na mimi nilinunua kwa macho.

Ugonjwa wa magari ulinianza shule ya msingi. Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda mbio za magari za Safari Rally kule Kenya na Impreza ya bluu. Nikaikata picha ya gari lile gazetini, nikaibandika kwenye jalada la daftari la hesabu. Nilipoanza kazi nilinunua IST kama watu wengine wote wa Dar, nikaiendesha miaka minne huku moyo uko kwingine. Halafu nikaiuza, nikachukua mkopo wa kikoba, nikapata Impreza WRX, namba za usajili za herufi C, yenye turbo ya kuisukumia injini hewa zaidi, manyuali.

Siwezi kudanganya kwamba sikufurahi. Usiku wa kwanza nilitoka Mbezi hadi Kibaha bila shughuli yoyote, nikageuza nikarudi. Turbo ikishajaa, kiti kinakusukuma mgongoni, na ile injini ya boksa inakoroma kama mzee aliyeshiba. Watoto wa jirani walikuwa wakisikia ekzosi wanatoka kwenye geti.

Bili zilikuja polepole. Tairi zake, saizi 215/45R17, zina ubavu mfupi, shimo moja tu la Morogoro Road likapinda rimu. Mafuta niliyokuwa nikiweka kwa wiki kwenye IST sasa yalikuwa ya siku tatu. Bima kubwa nikaona ghali, nikakata bima ndogo. Na kosa lililoniua lilikuwa langu peke yangu: IST ilinidekeza. Ilikuwa haili oili, nikasahau kabisa kwamba gari lina kijiti cha kupimia. Injini ya turbo yenye umri ule inataka uvute kijiti hicho kila unapojaza mafuta. Mimi nilikaa zaidi ya mwezi bila kufungua boneti.

Tulikuwa tunakwenda sendofu Iringa. Katikati ya mlima Kitonga, gia ya tatu, mguu umezama, nikasikia ka-ka-ka-ka kutoka chini. Nikazima redio nikidhani ni spika.

Fundi tuliyemwita alimwaga oili kwenye dumu lililokatwa, akachovya kidole, akakimulika na tochi ya simu. Kidole kilikuwa kinang'aa. "Bosi," akasema, "hii siyo oili tena, hii ni rangi ya kucha. Bigi endi zako hizo." Yaani beringi za konrodi zilikuwa zimesagika kwa kukosa oili.

Gari lilirudi Dar mgongoni mwa Fuso. Injini ya mtumba ilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia gari zima, na mkopo wa kikoba bado unadai. Likakaa miezi kumi na moja gereji, chini ya mwembe, limefunikwa turubai. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa hakipandi, basi paka akaingia akazalia kwenye kiti, watoto watatu. Siku nilipopata mteja aliyetaka gia boksi tu, fundi alisema gari lisiguswe mpaka watoto wafungue macho. Nilisubiri. Kwenye daladala.

Sasa, mimi si wale wanaosema gari ni la kukutoa hapa kukufikisha pale. Watu hao hunichosha. Ninachosema ni kwamba gari la raha ni lile ambalo likiharibika Jumatatu, mshahara wako huo huo unalitengeneza. Kwa hiyo chagua injini kwanza, umbo baadaye.

Chukua Altezza. Kuna AS200 yenye 1G-FE, injini ya silinda sita waliyonayo pia Mark II za GX100 na GX110, na kila fundi wa mtaani anaijua. Kuna RS200 yenye 3S-GE, kali zaidi, lakini spea zake utazitafuta. Kwa nje mtu hatofautishi. Kama hela yako ni ya kuhesabu, usione haya kuchukua AS200.

Suzuki Swift Sport ya kwanza yenye cc 1600 ni gari dogo tamu kuliko magari mengi ya kujionyesha, na injini yake ya M16A ni familia moja na ya Escudo za karibuni za cc 1600, hivyo hulali njaa ukitafuta spea. Ninaloendesha mimi sasa ni Toyota Vitz RS ya zamani, manyuali, 1NZ-FE: injini ile ile ya IST ya cc 1500, yenye taiming cheni badala ya taiming belti, ndani ya gari lisilofika kilo 1000. Kwenye kona za Kitonga, gia ya pili, nacheka peke yangu.

Na zile ndoto kubwa, Toyota Supra yenye injini ya 2JZ au Nissan Skyline GT-R R34? Bei zake zimepaa. Marekani inaruhusu gari la nje likishatimiza miaka 25, na R34, iliyotoka 1999, ilianza kutimiza mwaka 2024, kwa hiyo tunagombea na watu wenye dola. Hapo hujafika bandarini, ambako cc zikizidi 2000 ushuru unapanda na uchakavu nao una nyongeza yake. Fungua kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujaanza kumwambia mkeo. Wenzetu wa Kenya wamepumzishwa mapema, gari lililozidi miaka 8 kwa kawaida haliingii. Isitoshe, mshale wa spidi wa Supra ya soko la Japani unaishia 180, sawa na wa IST, na ukipita kijijini askari mwenye tochi ya kupimia mwendo anakusubiri kwenye kibao cha 50.

Kama bado unataka turbo, sawa. Tenga theluthi ya bei ya gari pembeni kabla hujalipa, hiyo ni ya mwaka wa kwanza. Nenda Gerezani na karatasi: shokapu, bushi, klachi, belti, pampu ya maji, tairi nne. Uliza bei ya kila kimoja, na uliza pia kama kipo.

Mdogo wangu alikwenda Jumamosi. Jioni akanitumia picha, safari hii si ya gari. Ni karatasi ya bei, imejaa mbele hadi nyuma, na chini kabisa kaandika kwa kalamu nyekundu: "Bro, Vitz RS yako unaiuza?"

Siuzi.