Dada, usiuze hicho kiwanja mumeo akiwa hajui

Dada, simama hapo hapo. Umeuliza namna ya kukiuza kiwanja cha Kibaha ili fedha uitoe sadaka kabla ya Jumapili ya kilele cha mfungo, dalali anachukua kiasi gani, deni la kikoba ulifanyeje, na mumeo aliyeko Mtwara kikazi umwambie vipi sadaka ikishatolewa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Walionitangulia kukujibu wamekupa namba za madalali, Mungu awasamehe.

Nami niliuza. Kiwanja cha Chanika, msingi umeshasimama, tofali zimepangwa pembeni. Ajira yangu ilikuwa imeisha, kodi tunadaiwa, na mtumishi akaniita mbele ya kanisa akanisomea Kutoka 14, pale Mungu anapomwambia Musa, "Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Akasema bahari haimfungukii anayesubiri ufukweni. Nitoe cha mwisho nilichonacho, sadaka ya kujimaliza, na lango linafungwa Jumapili. Nikaamini. Sikuwa mjinga wala mlafi, nilimpenda Mungu na nilikuwa tayari kwa lolote.

Sasa sikiliza yaliyotokea ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Akasoma karatasi ya mauziano mpaka chini, akaweka kalamu mezani, akauliza, "Mama yuko wapi?" Mke wangu alikuwa gengeni kwake, ng'ambo tu ya barabara, anapanga nyanya. Fedha zake za upatu ndizo zilizonunua simenti ya ule msingi. Nikajibu, "Amesafiri, mzee, tumeshakubaliana." Akanitazama. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, kama kuna mgonjwa nyumbani au kuna mtu ananisumbua. Nikasema hakuna. Akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri. Mnunuzi alishanusa haraka yangu, akanipa bei ya kutupa, nikaipokea bila kubishana.

Naamini kabisa Mungu alinizuia pale mezani kupitia yule mzee, nami nikadanganya ili eti nimtii Yeye. Ningeacha pale, ningerudi nyumbani na kiwanja changu na dhambi ya uongo mmoja. Sikuacha.

Mke wangu alikuja kujua siku alipokwenda kuangalia tofali akakuta mafundi wa mtu mwingine wanapandisha ukuta juu ya msingi wake. Hakunipigia kelele. Alirudi, akafua nguo zote za watoto, hata zilizokuwa safi, ndipo akaniuliza. Kiwanja unaweza kununua kingine, ukijaliwa. Ila mpaka leo nikimwambia natoka kidogo, naona anavyonyamaza.

Na yule mtumishi? Nilipomrudia nikiwa sina hata nauli, akasema sadaka yangu ilikuwa na doa la mashaka, nipande mbegu nyingine. Kala ardhi ya wanangu, halafu mwenye upungufu ni mimi! Hasira yangu kwake haijaisha na sitajifanya imeisha. Alijua nimeoa. Alimbatiza mke wangu kwa mikono yake. Hakuuliza hata siku moja, "Mama anasemaje?" Mwenyekiti wa mtaa anauliza, mchungaji wa roho za watu hajali.

Ndiyo maana nina kanuni moja, ishike: agizo linalokudai umfiche mtu ambaye jambo linamhusu, halikutoka kwa Mungu. Acha, hata kama limesindikizwa na mistari.

Usinielewe vibaya. Mungu huagiza mambo ambayo kwa akili hayawezekani, na mtu hutakiwa kuyatii. Soma Yeremia 32. Nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, Wababeli wameuzingira mji, na Mungu anamwambia anunue shamba Anathothi kwa binamu yake Hanameli. Nani hununua ardhi ambayo adui yuko mbioni kuichukua? Akanunua, kwa shekeli 17 za fedha. Lakini angalia alivyofanya: alipima fedha kwenye mizani, akatia sahihi hati, akaipiga muhuri, akaita mashahidi, akamkabidhi mwandishi wake Baruku hati mbele ya watu wote waliokuwa wameketi pale, zikatiwa katika chombo cha udongo zidumu. Utii mkubwa namna ile, na hakuna aliyefichwa kitu.

Sasa mweke Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, pembeni yake, 2 Wafalme 5. Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari mgeni aliyeponywa ukoma. Gehazi akamkimbilia yule mgeni kwa siri, akamdanganya, akachukua talanta mbili, akarudi akamdanganya na bwana wake. Yeye ndiye aliyeondoka na ukoma.

Watakuletea mjane wa Sarepta, aliyempa nabii Eliya mkate wa unga wake wa mwisho, najua, kwa sababu waliniletea. Waulize, Eliya alikwenda wapi baada ya kula ule mkate? Alibaki nyumbani mle mle, akala unga ule ule pamoja na mjane na mwanawe siku nyingi. Mtumishi wako akishapokea, atakuja kula kwako? Na wakikuletea Ibrahimu aliyeagizwa kumtoa mwanawe sadaka, kumbuka Mungu alisema naye mwenyewe, na mwisho wa yote alishuka mlimani na mwanawe.

Na hiyo haraka ya Jumapili iogope. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Mungu aliyewatembeza Israeli miaka 40 jangwani hashindwi kumsubiri mumeo arudi kutoka Mtwara.

Kuhusu deni, fungua 2 Wafalme 4. Mjane anadaiwa, mdai anataka kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Mafuta yake kidogo yalipojaa vyombo kwa muujiza, Elisha alimwambia akayauze, alipe deni, na kinachobaki aishi yeye na wanawe. Nabii hakudai hata kibaba. Kwa hiyo nenda kikundini ukae mbele ya wenzio na useme rejesho la mwezi huu limekushinda, uombe muda. Najua aibu yake, na najua kwako hilo ni gumu kuliko kuuza ardhi. Lakini kabla ya kikundi, mpigie mumeo. Leo, kabla hujalala. Akikasirika, akasirike kiwanja kikiwa bado chenu.