Moto wa bana ukiruka usikimbilie kuongeza gesi

Mie natengeneza bana za gesi hapa Mombasa, za wapishi wa biriani za harusi na za jamaa wanaoyeyusha aluminiamu, na swali naloulizwa kila mara ni mbona ukiongeza upepo wa bloa (feni inayosukuma hewa ndani ya bana) moto unaruka mdomoni halafu unazimika. Wengi hapo wanafungulia gesi zaidi. Ndugu zangu, angalieni kwanza moto wenyewe umeshika wapi.

Gesi ya mtungi ikichanganyika na hewa vizuri na ikiwa imetulia, moto unasogea kama sentimita 40 tu kwa sekunde, sasa bloa yako inasukuma mita kadhaa kwa sekunde, hata msukosuko wa hewa inayovurugika ukiuongezea moto mbio bado hauwezi kushindana nayo, lazima upelekwe. Dawa yake ni kuupa pa kujificha. Pita daraja la Nyali wakati maji yanatoka kwa nguvu, tazama nyuma ya nguzo, pembeni maji yanakimbia lakini pale nyuma takataka zinazunguka tu haziondoki. Weka kipande cha chuma mdomoni mwa bana na nyuma yake inakuwa hivohivo, gesi zilizokwisha ungua zinarudi zinazunguka pale na joto lake lote, na mchanganyiko mpya unaopita pembeni unaguswa na lile joto unawaka, tena na tena.

Ndege za kivita zinatumia hii hii kwenye aftabana (sehemu ya nyuma ya injini inayochoma mafuta ya ziada kuongeza nguvu), wanaweka vyuma vya umbo la V, na hewa inapita hapo zaidi ya mita 100 kwa sekunde! Miaka ya 1950 kule Marekani watafiti Zukoski na Marble walionyesha kwamba kinachoamua ni muda, mchanganyiko ukikaa karibu na lile joto muda wa kutosha unashika, ukipita haraka mno moto unang'oka.

Kwa hivo ukiweka chuma cha V, ncha yake itazame upepo unakotoka. Kipana kinashikilia moto zaidi ila usizibe bomba, maana kadiri unavyobana njia ndivyo gesi inavyopita pembeni kwa kasi zaidi, unarudi palepale. Tumia stenlesi, chuma cha kawaida kinaliwa. Na usikizamishe ndani sana, utachoma bomba.

Hewa ikizidi pia moto unakuwa dhaifu, punguza bloa kabla hujagusa chuma. Moto unaotaka kuzimika utaujua mapema, unaanza kuchanika matundu, unayumba kushoto kulia, mlio unabadilika.

Na ukizimika, tafadhali sana, funga mtungi kwanza! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni usiione, fungua milango, ngoja itoke yote, ndio uwashe tena na bloa ikiwa chini.