Kabla Hujaongeza Basi la Pili

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu na swali lile lile: "Kaka, gari linafanya vizuri, benki wamekubali, niongeze la pili?" Nami humrudishia swali: mwezi uliopita gari lako limetembea kilomita ngapi? Pesa lililoleta anaijua mpaka shilingi ya mwisho. Kilomita hazijui. Basi mazungumzo yetu huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Nimekulia ndani ya basi. Baba aliendesha magari ya watu miaka mingi kabla ya kununua la kwake, gari la mkononi, rangi imechujuka, siti zimeshonwa upya na fundi wa makochi. Leo familia yetu ina mabasi tisa yanayotoka mjini kwetu kwenda miji mingine kila siku, na kutoka lile la kwanza mpaka hili la tisa imepita miaka 23. Tumeshindana na watu wenye magari mapya kuliko yetu, dizeli imepanda, mvua imekata barabara. Hayo yote tuliyavuka. Mara tatu tulizokaribia kufunga ofisi, shida ilitokea nyumbani kwetu wenyewe. Ndiyo maana naandika haya kwa yeyote mwenye gari moja au mawili na ndugu wengi.

Ila nianze na kilichotukuza. Siku zile stendi yetu gari lilikuwa linaondoka likijaa. Abiria wa kwanza anaweza kukaa saa tatu akimsubiri wa mwisho. Baba akaamua gari lake litatoka saa 12 kamili asubuhi, lijae lisijae. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekaa juu ya boneti, karibu na gia. Siti zilikuwa 48, abiria tisa. Mpiga debe akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, "Mzee, unaondoka mtupu!" Baba akatazama saa yake, akawasha taa ya kulia, akaingiza gia. Mama alikuwa dirishani pa ofisi ameshika daftari, hakusema neno.

Karibu miezi mitatu tulikuwa tunakula hasara, na siti ikishaondoka tupu huwezi kuiuza kesho. Kilichotuokoa ni vifurushi. Mwenye duka akishajua gari linaingia saa ngapi, anamtuma kijana aende kusubiri mzigo saa hiyo hiyo, hapotezi siku nzima. Kwa wiki kadhaa mizigo ndiyo iliyonunua dizeli. Kisha wakaja walimu, wauguzi, wanafunzi, watu wenye miadi ya hospitali, yaani watu ambao kwao kuchelewa ni gharama. Hao wakishakuzoea hawakuachi kwa sababu jirani ameleta gari lenye televisheni. Kama una gari moja tu na huna mtaji wa kupendezesha, saa yako ya kuondoka ndiyo tangazo lako. Usiivunje hata siku moja, hata shemeji yako akiwa njiani anakuja mbio.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza, na hapa nitakaa kidogo.

Mama alikuwa akitenga pesa kila jioni kwenye daftari lake: safu ya matairi, safu ya injini, safu ya nyumbani. Baada ya miaka minne safu ya injini ilikuwa imenona. Baba akaiona, akaona na benki imekubali, akaichukua yote akaiweka kama malipo ya kwanza ya basi la pili. Sote tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Mwezi wa nne baadaye pampu ya maji ya gari la kwanza ikafa mlimani, dereva akadhani atafika, injini ikachemka mpaka silinda hedi ikapinda. Pesa ya kuifungua haikuwepo. Gari jipya likawa linalipa mkopo wake, linalipa injini ya mwenzake, linalipa mishahara ya wafanyakazi wa magari mawili na ada zetu za shule. Halikuweza. Baada ya miezi 11 tuliliuza kwa bei ndogo kuliko deni, na mwaka mzima uliofuata tuliendelea kulipia gari ambalo lilikuwa linatupita barabarani likiwa na rangi za mtu mwingine.

Baada ya hapo Mama alibadilisha hesabu zake. Akaacha kutenga kwa siku, akaanza kutenga kwa kilomita, maana gari halichakai kwa kalenda. Chukua mfano. Ruti ya kilomita 240, kwenda na kurudi ni 480. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi na kuacha siku moja kila wiki ya gereji, umetembea kilomita 12,480. Tuseme umeshapima mwenyewe kwamba kwenye barabara yako seti ya matairi sita inadumu kilomita 80,000. Maana yake kila mwezi umekula asilimia 15.6 ya seti hiyo, na baada ya miezi sita na kidogo utahitaji nyingine. Pesa hiyo si faida, hata kama iko mkononi na inaonekana kama faida. Vivyo hivyo oili, breki, klachi, springi, na mwisho kabisa injini. Kila gari lina kitabu chake kinachosema nini kibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Fundi mzuri atakurekebishia kwa vumbi na milima ya kwenu. Ukishatoa hayo yote, ukatoa na mshahara wako mwenyewe, kinachobaki ndicho kinachoweza kununua gari la pili. Kama hakibaki kitu, una gari moja linalojila taratibu, na ukiongeza la pili yatakuwa mawili yanayojila.

Nikiwa kwenye matairi, niongeze hili: yaliyofufuliwa, yaani ya zamani yaliyovishwa mpira mpya, sisi hatuyafungi mbele. Tairi la mbele likipasuka dereva anapigana na usukani. Nyuma kila upande una mawili, lipo la kubeba mzigo mpaka usimame.

Kosa la pili sipendi kulikumbuka. Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wetu bora. Siku moja alirudi mchana kutoka safari ya asubuhi, na dereva wa zamu ya jioni akawa mgonjwa. Baba akamwambia, "Mwanangu, nisaidie." Kaka hakuweza kukataa. Dereva wa kuajiriwa angesema nimechoka, na angekuwa na haki. Mtoto hakatai. Kabla ya saa tano usiku alisinzia sekunde chache tu, gari likaingia mtaroni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini msichana mmoja alivunjika mkono, na kaka yangu hajaendesha basi tena usiku.

Tangu siku ile saa za dereva zimeandikwa ukutani, na hata mwenye kampuni hawezi kuzifuta. Tulichukua kipimo cha Umoja wa Ulaya, kwa sababu kilikuwa wazi na kilitufaa: dereva akiendesha saa nne na nusu apumzike dakika 45, na kwa siku kwa kawaida asivuke saa 9 za usukani. Ruti yetu ya kwanza ni saa nne na nusu kwenda na nne na nusu kurudi, kwa hiyo akifika amemaliza siku yake. Ruti ndefu zina madereva wawili. Na tuliachana kabisa na mtindo wa kumwambia dereva alete hesabu ya kiasi fulani, kinachozidi chake. Mtindo huo unamlipa mtu akimbie, abebe kupita kiasi na asisimame kupumzika, halafu ajali ikitokea tunamlaumu yeye.

Hapo hapo niseme kuhusu ndugu kazini. Wengi wanashauri usiajiri ndugu kabisa. Mimi siamini hivyo. Usiku gari likiharibika porini, ndugu ndiye anayelala na mizigo. Lakini ndugu apate mshahara unaojulikana, na aripoti kwa mtu asiye ndugu yake. Binamu yangu alikuwa konda wetu, na kwa muda mrefu abiria wa njiani hawakuonekana kwenye vitabu. Baba alijua. Alishindwa kumfukuza kwa sababu ya heshima ya baba mdogo. Siku tulipompa cheo cha msimamizi mama mmoja aliyekuwa karani wetu wa tiketi, mtu baki kabisa, aliita makonda wote, akalinganisha tiketi na idadi ya vichwa vilivyohesabiwa njiani, akampa binamu barua kama alivyowapa wengine wawili. Hakukuwa na ugomvi wa ukoo, maana aliyeandika barua hakuwa wa ukoo.

Huwa nawatajia vijana mfano wa Stagecoach, kampuni ya mabasi ya Uingereza. Mwaka 1980, sheria ilipolegeza leseni za mabasi ya masafa marefu kule, Brian Souter na dada yake Ann Gloag walianza na mabasi machache ya mkononi kutoka Dundee kwenda London, wakitumia kiinua mgongo cha baba yao, aliyekuwa dereva wa basi. Mwaka 1993 hisa zao zikaingia soko la hisa la London. Watu husikia "mabasi machache" na "dereva wa basi" wakapata moyo, nami napenda wapate. Ila wasisahau kwamba Souter alikuwa mhasibu wa kusomea. Kwenye familia ile mwenye kalamu alikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwetu alikuwa Mama na daftari la kurasa mia mbili, na miaka ile tuliyomsikiliza ndiyo miaka tuliyokua.

La tatu lilikuja Baba alipofariki. Tulikuwa na mabasi matano, na kadi zote tano zilikuwa na jina lake. Leseni za ruti, jina lake. Akaunti ya benki, jina lake, sahihi yake peke yake. Hatukuwa na kampuni, tulikuwa na mzee mmoja mwenye mabasi. Bima za magari mawili ziliisha wiki ya tatu, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzikata upya mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Yakapaki uani. Nakumbuka nikifungua mlango wa gari moja baada ya wiki saba: joto, harufu ya vumbi, betri imekufa, panya wametafuna waya za dashibodi. Abiria wetu wa saa 12 walikuwa wameshazoea gari la mtu mwingine. Na nyumbani, watoto wa Baba tuliopendana tukaanza kuulizana kila mmoja anachukua gari gani.

Mama ndiye aliyekataa tusigawane magari. Tukasajili kampuni, mabasi yakahamia jina la kampuni, kila mmoja akapata hisa. Mwenye hisa anasubiri gawio mwisho wa mwaka; anayefanya kazi analipwa mshahara; asiyefanya kazi haji ofisini kuchukua mafuta ya gari lake. Kwenye akaunti ya benki zinatakiwa sahihi mbili. Fanya haya ukiwa hai na una gari moja, ni kazi ya wakili mmoja na siku chache. Ukingoja, watoto wako watayafanya wakiwa na huzuni, na huenda wasielewane.

Mama bado anapigiwa simu kila jioni na ofisi, ingawa siku hizi mahesabu yako kwenye kompyuta. Swali lake la kwanza ni kila gari limetembea ngapi, ndipo aulize limeleta ngapi. Basi la kumi tumelijadili tangu mwaka juzi, na wadogo zangu wameshachagua hata rangi. Safu ya injini ya gari la saba haijajaa, kwa hiyo bado.